Kaniki Juu ya Kompyuta

Somanda,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 30 Machi 2025.

Mpendwa Mama mdogo Specioza,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, kabla hata sijakujulia hali. Simu zako nimeziona zote nikaziacha ziite mpaka zichoke, na ujumbe wako nikaujibu maneno mawili tu, "tupo salama," kama mtu anayemjibu karani wa sensa. Usidhani nilikuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naona haya. Sauti yako na ya Mama ni moja, na mimi kwa sasa siwezi kuisikia sauti hiyo nikaongea vizuri.

Haya, hujambo wewe? Mguu uliokuwa ukivimba ukisimama sana wodini umepungua? Baba mdogo Sylvester anaendeleaje na sukari, ameacha ile soda anayojificha nayo? Mwambie tunamwona hata tukiwa huku.

Sisi afya tunazo. Bundala ameanza kutambaa, ila anatambaa kinyumenyume. Akitaka kuja kwangu anajikuta chini ya kabati, basi hapo ni kelele. Ametoa meno mawili ya chini na ameyajaribu kwangu mimi. Usiku halali yeye, mchana silali mimi. Mume wangu Joakim bado yuko na lori, safari hii wamepeleka mzigo Kigoma. Mvua zimekuja vizuri, pamba ya Nkoma imeshatoa vitumba na mahindi ya uani yamenipita urefu.

Nimechana karatasi za daftari la kozi nikuandikie, kwa sababu haya siyo ya kwenye simu. Simu yangu inashikwa na kila anayeingia humu ndani kuomba tochi. Na ni haki yako uyajue kutoka kwangu mwenyewe, siyo kutoka kwa watu. Mama mkwe wangu, dada yako, hayupo hapa. Yuko Bukundi kwa mjomba Mwandu, na aliyemfanya aondoke ni mimi.

Nianze na kompyuta uliyotutumia kutoka huko Mtwara, maana ndiko yalikoanzia.

Ilipofika mwezi wa nane, Mama ndiye aliyeipangusa. Akachagua mwenyewe pa kuiweka, ile kona ya sebule yenye soketi, akasema, "Mdogo wangu ana akili. Ametuma shule ndani ya boksi." Na kweli ikawa shule. Bundala alikuwa bado mchanga kabisa. Kipindi kikianza Mama anamchukua anatoka naye uani, mimi nabaki na walimu wangu kwenye kioo. Hii kozi ya malezi na elimu ya awali, bila mikono ya Mama nisingeifikisha hata wiki ya pili. Nataka hilo ulijue kabla sijaendelea.

Kiangazi chote ilikwenda. Mara mojamoja umeme ukikatika, ukirudi kurasa hazifunguki, nasema aah, ni mtandao wa mji mzima huo. Ikikaa imewashwa kutwa, inarudi yenyewe. Sikuhangaika nayo.

Balaa likaja na mvua. Unazijua mvua za huku, saa nane jua la kuua mtu, mara wingu limesimama upande wa Itilima jeusi kama tako la sufuria. Na unamjua dada yako na radi. Ngurumo ya kwanza tu kioo cha ukutani kinageuzwa, nguo nyekundu inatolewa kambani, redio kimya, na kila kilichochomekwa kinachomolewa. Kompyuta, kwa kuwa kioo chake ni kikubwa kuliko vyote, akawa anaifunika na kaniki yake. Siyo kitenge, siyo shuka. Kaniki, maana nyeusi haiiti radi. Halafu tunakaa kimya wote mpaka ipite. Mimi sikumkataza. Hata kwetu Lalago tumelelewa hivyohivyo.

Mvua ikipita nachomeka, nawasha. Inaandika kwanza maneno meupe ya Kiingereza kwenye giza, inataka nibonyeze kitufe, nabonyeza. Taa za ruta zinawaka zote, alama ya mtandao imejaa, lakini ukurasa wa chuo haufunguki. Barua pepe haifunguki. Kila ninachogusa kinaniletea ukurasa mweupe wenye alama nyekundu na maneno, naufunga, nagusa kingine, unakuja uleule. Na simu yangu, iliyoshika mtandao huohuo wa ruta hiyohiyo, inafungua kila kitu. Hapo ndipo nilipokuwa napata wazimu.

Nilihangaika, Mama mdogo. Nilibadilisha laini. Niliiweka ruta dirishani, nikaipandisha juu ya kabati, nikaifunga kwenye fito nikaisimamisha kama bendera ya shule. Nikapiga huduma kwa wateja, binti mwenye sauti ya usingizi akaniambia, "Chomoa kila kitu dada, subiri kidogo, chomeka tena." Nikachomoa kila kitu, na kompyuta nayo. Ilikuwa asubuhi hiyo inafungua vizuri. Baada ya hapo ikagoma kutwa nzima.

Nikaifunga kwenye khanga nikaipeleka stendi kwa fundi Danford. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akasema ina virusi, akaifuta yote akaipanga upya. Pale kwake ikafungua kila kitu mbele ya macho yangu. "Mama Bundala, mashine yako nzima," akaniambia. "Hapa inapiga mzigo kama unavyoiona. Tatizo liko huko nyumbani kwenu."

Neno hilo ndilo lililonikaa kichwani. Huko nyumbani kwenu. Nikaanza kuangalia nyumbani, na nyumbani nikaona kitu kimoja: asubuhi inafungua, Mama akishaigusa haifungui. Siku isiyo na wingu haigusi, inafungua. Nikaangalia tena na tena, ikawa ni hivyo. Sikumwambia mtu. Nililifunika ndani yangu likawa linachacha kama togwa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, jumuiya inasali kwetu, Njia ya Msalaba. Kwa sababu ya wingu akina mama waliwahi, wakaingia sebuleni wakikung'uta mitandio: Mama Justina mwenyekiti wetu, Nyamizi wa nyumba ya pili, na wengine mpaka viti vikaisha. Wakakuta kona ile imefunikwa kaniki, na Mama amekaa kando yake kwenye mkeka, kimya, mikono mapajani. Naomba uione hiyo picha kama walivyoiona wao.

Mvua ikapita. Mimi siku hiyo nilikuwa na zamu ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa zima, na asiyewasilisha anarudia muhula. Kazi yenyewe imo ndani ya kompyuta, kwenye simu haipo. Nikafunua, nikachomeka, nikawasha. Haifungui. Nikajaribu, nikajaribu. Kwenye simu wenzangu wanaandika, Winnie yuko wapi, zamu yake hii. Mara wakaandika, aendelee anayefuata.

Nikageuka. Mbele ya akina mama wote wale nikasema kwa sauti, "Mama akiifunika tu hii mashine, inakufa. Hivi mkono wake una nini?"

Lile neno lenyewe baya sikulitaja. Nimejaribu kujifariji kwa hilo, na halifariji. Wewe umezaliwa Bukundi, huna haja ya kufundishwa bibi mwenye macho mekundu huku anaitwa nani. Bibi mjane, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia miti ya pamba, amekaa pembeni ya kaniki, na mkwe wake wa ndani anauliza mkono wake una nini. Kulikuwa na haja gani ya kulitaja?

Mama Justina akaanzisha wimbo, tukapiga magoti kituo kwa kituo. Mama naye alipiga magoti. Sauti yake sikuisikia.

Baada ya hapo mambo yakaenda polepole, na ndiyo maana nilijifanya siyaoni. Nyamizi alikuwa akimletea Mama mtoto wake mdogo amkande tumbo kila likijaa gesi. Akaacha kumleta, usiku tunamsikia mtoto analia huko kwao. Bombani, Mama akifika na ndoo yake foleni inampisha. Mtu asiyejua angesema wanamheshimu. Wanasogea hadi wanagusana wao kwa wao, anakinga maji peke yake, na hakuna anayemtwisha.

Asubuhi moja nikamkuta amevaa viatu vya safari, kifurushi chake mkononi. "Naenda kumsalimia Mwandu," akasema. Nikamuuliza atarudi lini. Akamshika Bundala mguu, akauachia, akatoka. Kaniki aliiacha imekunjwa vizuri juu ya kompyuta. Kichupa cha dawa ya macho uliyomtumia alikiacha dirishani, tupu.

Nitakuambia ukweli, siku za kwanza nilipumua. Hilo nalo naona haya kuliandika, lakini nimeliandika.

Kisha ikaja mvua. Nilikuwa peke yangu na mtoto. Ngurumo ya kwanza, mikono yangu ikafanya yenyewe: nikageuza kioo, nikatoa nguo kambani, nikachomoa kila kitu, nikakunjua kaniki nikaifunika kompyuta. Nikakaa kimya. Ilipopita nikachomeka, nikawasha. Haifungui.

Mama yuko Bukundi. Mkono wake uko Bukundi. Aliyefunika ni mimi.

Nilikaa palepale mbele ya kioo. Bundala alikuwa ananyonya, mkono mmoja umemshika kichwa, ule wa kushika kipanya umembana miguu asinipige mateke. Kwa hiyo ule ukurasa mweupe ulipokuja sikuwa na mkono wa kuufunga. Nikausoma. Ilikuwa mara ya kwanza kuusoma, Mama mdogo, miezi yote hiyo. Umeandikwa kwa Kiswahili safi: saa ya kompyuta yako iko nyuma.

Nikaangalia chini kwenye kona. Kompyuta inasema ni Januari mwaka 2009. Mimi mwaka huo niko darasa la tatu Lalago, sina hata habari kama nitaolewa.

Nilipoweka tarehe ya siku hiyo, kila kitu kikafunguka. Nikachomoa, nikachomeka, ikarudi 2009. Nikaelewa. Ndani yake kuna kibetri kidogo cha duara, kama sarafu, kazi yake ni kukumbuka saa wakati mashine haina umeme. Kimekwisha. Ukichomoa waya, inasahau. Na hizi kurasa za siku hizi kila moja ina kibali chenye tarehe, kompyuta inakikagua kabla ya kufungua. Yangu ikidhani ni mwaka ule, inaona vibali vyote ni vya siku ambazo hazijafika, inavikataa. Ni kama wewe wodini uletewe kadi ya kliniki ya mtoto atakayezaliwa miaka kumi na tano ijayo.

Nikampigia Danford. "Aaah, Mama Bundala, betri ya saa tu hiyo! Mimi ikifika mashine naiwekea tarehe kwanza, ni kawaida." Kawaida. Alikuja akaweka kibetri alichokitoa kwenye mashine nyingine mbovu, kikashika siku chache, kikafa nacho.

Joakim nilimweleza kwa simu. Akasema, "Mama yangu mimi?" Basi. Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Nikaenda Bukundi. Nilibadilisha gari Lalago na nyumbani kwetu sikupita, ningemwambia nini mama yangu mzazi? Nilimkuta Mama uani kwa mjomba anachambua mlenda. Nikapiga magoti palepale kwenye tope na mtoto mgongoni. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akaitikia kama siku zote. Akamfungua Bundala kwanza, akampima kwa mikono, akasema, "Huyu amepungua. Unamnyonyesha huku unaangalia kioo?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamweleza yote, kibetri, mwaka 2009, kila kitu. Alisikiliza akichambua mboga. Alichonijibu nakuandikia kama alivyosema, kwa sababu nakirudia kila nikifagia.

"Mwanangu, kunisema si kitu. Mama mkwe anasemwa. Hata mimi wa kwangu nilimsema, na alikuwa na haki ya kusemwa, alikuwa mchoyo wa karanga. Lakini wewe ulinisemea mbele ya watu, na macho yangu haya unayaona yalivyo. Hapa umenieleza mimi, mimi nilikuwa najua. Mimi sikuwa na kitu mkononi, nilikuwa na hofu ya radi tu. Kawaeleze wale uliowaambia. Sebuleni palepale."

Nikamwomba turudi wote. Akakataa. Alipika ugali, tukala na ule mlenda, usiku akalala na mtoto ili mimi nilale, na asubuhi akanisindikiza hadi barabarani. Lakini alikataa. Jambo moja tu alinikemea: "Na shule usiache. Nikija nikute umeiacha, hapo ndipo nitakasirika." Chuo kimenikubalia niwasilishe mwezi wa nne, kwa hiyo siiachi.

Mjomba Mwandu hakusema mengi. Alisema dada yake pale hafukuzwi na mtu, akae hata miaka, lakini akirudi Bariadi arudi kwenye jina safi, siyo kwenye huruma ya mkwe.

Ijumaa iliyofuata nikamwomba Mama Justina jumuiya irudi kwetu, ingawa haikuwa zamu yetu. Walikuja wengi kuliko kawaida, nadhani walijua. Kabla ya sala nikasimama. Nikasema nilichosema siku ile nilikosea, na asiyeamini nimwonyeshe. Nikawasha kompyuta, niliyokuwa nimeiwekea tarehe mapema bila kuichomoa tena, wakaona tarehe ya siku hiyo, wakaona ukurasa wa chuo unafunguka. Nikamwambia Mama Justina, "Mwenyekiti, chomoa wewe kwa mkono wako. Na funika kwa kitenge chako cha WAWATA." Akachomoa, akafunika, tukasali fumbo moja la rozari. Akafunua, akachomeka, akawasha mwenyewe. Mwaka 2009. Haifungui.

Mmoja huko nyuma akadakia, "He! Mwenyekiti, na wewe mkono wako una nini?"

Wakaangua kicheko wote. Mama Justina naye akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu kicheko kikakatika. Walikuwa wamelisikia neno lile kwa masikio yao wenyewe. Nilimwona mama mmoja anajifunika mdomo na mtandio. Nikadhani Mungu amenisaidia, limekwisha.

Ndipo Nyamizi akasema, "Sawa, tumeona. Ila hii mashine ilipotoka Mtwara ilikuwa inasahau hivi, au ilijifunzia hapa?"

"Wewe Nyamizi wewe!" Mama Justina akamwambia.

"Nauliza tu mwenyekiti. Kuuliza nako dhambi?"

Nikasema hata kiangazi umeme ukikatika ilikuwa inagoma, nakumbuka. Akaniangalia. "Siku ile ulisema vile, leo unasema hivi. Kesho utasemaje?" Siwezi hata kumchukia, maana ushahidi wangu nimeuharibu mwenyewe. Tukasali, wakaondoka. Wengi walinishika mkono wakitoka. Mama Justina alisema siku Mama akirudi ataenda kumpokea stendi yeye mwenyewe. Lakini mtoto wa Nyamizi bado analia usiku, bado hapelekwi kukandwa na mtu, na maadamu swali lile halijajibiwa litazunguka bombani.

Mjomba nilimpigia nikamweleza. Akasema, "Basi mwenye mashine aseme."

Mwenye mashine ni wewe, Mama mdogo. Uliitumia nyumbani kwako kabla haijaja huku. Ilikuwa inasahau tarehe? Nakuuliza na sijui utajibu nini, na ndiyo maana nimechelewa hivi kukuandikia, nimeogopa majibu yote mawili. Kama ilikuwa inasahau, na wewe ulikuwa unairekebisha asubuhi bila hata kufikiri kama Danford, basi nasema kwa heshima zote, magoti chini, ningeambiwa. Sikulaumu. Aliyefungua mdomo ni mimi. Lakini ningeambiwa.

Na kama haikuwa hivyo, kibetri kilifia hapa kwetu, sema hivyohivyo. Usinihurumie na usimhurumie Mama. Nikimrudisha kwa uongo, siku utakapojulikana ataondoka mara ya pili na hapo hata Bukundi hawatampokea vizuri. Kibetri kufa ni kibetri kufa, huku au huko; nitasimama tena sebuleni niwaeleze hivyo, nikizomewa nizomewe. Nataka tu wayasikie kwa mtu ambaye hajageuza maneno.

Pasaka atasali Bukundi, ameshasema. Baada ya Pasaka, alisema, tutaona. Hiyo "tutaona" ndiyo ninayoishi nayo.

Nisalimie Baba mdogo Sylvester, na Gloria wenu mwambie Bundala bado anaukumbuka wimbo ule aliomfundisha kwenye simu, anautikisia kichwa hadi leo. Mama Justina anakusalimu, anasema mlikuwa pamoja kipaimara na ulikuwa mtoro. Joakim angekusalimu kama angekuwepo. Mungu akulinde kwenye zamu zako za usiku, akupe miguu ya kusimama na mtu wa kukuletea kiti.

Ni mimi mkweo, ninayekupenda hata nikiwa sina uso wa kukuangalia,

Winnie (Mama Bundala)

Vya kunitumia ni hivi, nimeona niviandike chini visipotee katikati ya maneno.

Sauti yako, uirekodi kwenye simu, kwa Kisukuma siyo Kiswahili, ueleze kompyuta ilikuwaje huko kwako. Taja jina la Mama lenyewe, Kija, na useme ni dada yako. Nitaisikilizisha sebuleni, na nyingine kama hiyo mtumie mjomba Mwandu.

Vibetri viwili vya saa, vipya, vikiwa kwenye kifungashio chake, vimeandikwa 2032. Vya hapa vinatolewa kwenye mashine mbovu.

Dawa ya macho ya Mama, ileile ya kichupa cheupe. Hiyo itume moja kwa moja Bukundi, isisubiri haya mengine, na usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekumbusha.

Na kaniki moja, pana. Zipo tele sokoni hapa, lakini nikionekana nainunua mimi mwezi huu nitakuwa nimewapa neno jingine. Ikitoka kwako ni zawadi. Ile yake nimemrudishia Bukundi. Mvua bado zipo, na siku akiingia mlangoni nataka akute kompyuta imeshafunikwa, na akina mama wamekaa, na aliyefunika ni mimi.